Halbadiri ya Mkono wa Othman

Wazee wa Kivumoni walikuwa wamekubaliana karibu kila kitu. Walikubaliana kwamba makaburi ni ya wote na kisima ni cha wote, na kwamba Ijumaa ile, kabla karafuu hazijaanza kuchumwa, watu wa misikiti miwili wangeketi jamvi moja, wasome fatiha, wale pilau, na uadui uishe. Bi Rahila aliwasikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilikuwa ajabu, kwani si mwanamke wa kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Sasa mmewaita wote, isipokuwa wanaopigana?"

Sheha Mjaka, mkuu wa serikali pale kijijini na mwenyekiti wa kamati ya suluhu, akashughulika na kikombe cha kahawa kilichokuwa kitupu zamani.

Ugomvi wenyewe ulianzia kaburini. Alipozikwa mzee mmoja wa kijiji, nusu ya watu walitaka asomewe talakini kama walivyosomewa babu zao, na nusu wakasema hiyo ni bidaa, maiti hafundishwi majibu. Maneno yakazidi mpaka watu wakatupiana udongo uliokuwa haki ya maiti. Haukupita muda, msikiti ukawa miwili. Wa Juu ulikuwa wa Shehe Bakar na wanaosoma maulidi na hitima. Wa Pwani ulikuwa wa Ustadh Ashraf na wasiosoma. Watu wakaacha kuzikana, wakaacha kuozana. Mtu wa Juu akawa radhi kupanda gari mpaka Mkoani kununua kiberiti kuliko kuingia duka la mtu wa Pwani lililo mbele ya mlango wake.

Watoto waliozaliwa wakati ule walikua bila kuijua talakini yenyewe, lakini wakijua vizuri nani wa kumchukia, na wao ndio walioshika mapanga. Vijana wa Juu walijiita Kikosi, wa Pwani wakajiita Walinzi. Kila upande ulisema unalinda msikiti wake. Misikiti haikuguswa hata tofali. Zilizochomwa zilikuwa nyavu, iliyobambuliwa magome ilikuwa mikarafuu, na uliokatwa ulikuwa mkono wa Othman, mume wa Bi Rahila.

Suluhu ilishawahi kufanywa. Wageni walikuja kutoka Unguja, ng'ombe akachinjwa, wazee wakakumbatiana mbele ya kamera. Masufuria yalikuwa bado hayajakauka mashua ikatiwa moto. Vijana hawakualikwa siku ile. Walisimama ng'ambo ya barabara wakinusa pilau.

Bi Rahila alikuwa nesi wa kituo cha afya cha kijiji, mwenye diploma ya uuguzi na ulimi aliopewa bure na Mungu. Alishashona watu wa Juu na wa Pwani kwa uzi mmoja. Basi aliposema kwamba Kikosi na Walinzi waitwe kwenye jamvi, alijua anasema nini. Shehe Bakar alikataa. Alisema kuwaita ni kuwapa heshima ya uovu wao, na mwizi ukimpa kiti kesho atataka kitanda. Ustadh Ashraf akamuunga mkono, na watu wakatazamana, maana wawili wale walikuwa hawajapatana neno tangu siku ya kaburi. Tena wote wawili wakaapa kwamba vijana wale si wao.

"Si wenu?" alisema Bi Rahila. "Basi mmoja wao ni wangu, nimemzaa mie, na kitanda nilichomzalia kiko pale kituoni, mwenye kutaka aje nimuonyeshe. Nyinyi mwapatana juu ya ugomvi msioupigana. Mwenye panga hakukutumeni. Akilala nalo Alhamisi, Jumamosi ataamka nalo."

Walibishana mpaka adhana ikawaokoa. Hatimaye Sheha akakata shauri kwamba waitwe wawili kila upande. Kikosi wakajibu siku ile ile: wangekuja Hafidh, mtoto wa Bi Rahila, na mwenzake. Jibu la Walinzi lilikuja kesho yake, neno moja tu kutoka kwa mkubwa wao, Mmanga. "Siji."

Shehe Bakar akamgeukia Bi Rahila. Uso wake ulisema: si niliwaambia? Bi Rahila akainuka akaenda zake, kwa sababu kijiji kizima kilijua kwamba panga lililomkata Othman lilikuwa la Mmanga. Kijiji kilijua lakini hakikuona. Polisi walikuja, wakauliza, kila mtu akawa alikuwa amelala, na faili likafungwa.

Jioni Hafidh alipita nyumbani kula. Tangu mkono wa baba yake ukatwe, hakuwa akilala pale. Alikula amesimama jikoni kama mtu anayengojewa, akamwambia mama yake kwamba kama Mmanga haketi, wao hawatangoja. Msimu ukianza kila mtu atakuwa peke yake shambani, juu ya mti, mgongo wazi. Ni sisi tumfuate au yeye atufuate, alisema.

Othman alikuwa kibarazani, akimsikia. Alikuwa fundi wa kuparamia mikarafuu, mtu aliyeitwa mpaka Shumba kwa miti mirefu iliyowashinda wenyewe. Msimu uliopita alikaa chini na wanawake, akichambua karafuu kutoka kwenye makonyo kwa mkono mmoja na vidole vya mguu, akitania kwamba mguu wake umesoma kuliko vijana wa siku hizi. Jioni ile hakutania.

"Mwanangu, kaa ule," alisema tu.

Hafidh hakukaa.

Siku iliyofuata, kituoni, Bi Rahila alikuwa akimpima presha mama mjamzito. Mama huyo alikuwa Asya, mke wa Mmanga. Mimba zake mbili za mwanzo zilitoka, na hii ya tatu Bi Rahila alikuwa akiilinda kwa vidonge na makaripio. Alimhudumia kama alivyowahudumia wengine wote, si kwa wema hasa, bali kwa sababu kazi ni kazi. Alipokwisha kumfungua kitambaa cha mkononi, Asya hakuinuka.

"Bi Rahila, mume wangu hakatai suluhu," alisema, akitazama mlango. "Anaogopa."

"Aogope nini? Yeye ndiye anayeogopwa."

"Halbadiri yako."

Bi Rahila akaweka kipimo mezani. Ni kweli aliisoma, wala hakuificha. Faili lilipofungwa, alimwita Shehe Bakar na wanafunzi wake, wakaketi barazani kwake, ubani ukafuka, ikasomwa Halbadiri, dua ya kumwapiza mdhalimu, mpaka watu wa njiani wakageuza njia. Othman alimsihi asisome. Yeye akamjibu kwamba kama serikali imefunga faili, basi kuna Mahakama isiyofunga. Shehe alipomtaka ataje jina la kusomewa, Bi Rahila, pamoja na hasira zake, alikataa, kwani hakumwona mtu kwa macho yake. Alisema isomwe kwa kila mwenye sehemu katika mkono ule, popote alipo. Shehe akamwonya kwamba huo ni mlango mpana. Uwe mpana, akasema.

"Lakini nyinyi wa Pwani si mwasema Halbadiri ni bidaa, haina lolote?"

"Mchana," alisema Asya.

Bi Rahila nusura acheke. Asya akaendelea kwa sauti ya chini. Mimba ya kwanza ilipotoka, Mmanga alinyamaza. Ya pili ilipotoka akaacha kula vizuri. Kwa Ustadh hawezi kusema, ataambiwa imani yake ina kasoro. Kwa vijana wake hawezi kusema, watamcheka. Na sasa anatakiwa akaketi jamvi moja na Shehe aliyeisoma na mwanamke aliyeisomesha, naye haamini kwamba atainuka pale mzima. Kwa hiyo amesema haji, na watu wanaita kiburi.

"Mimba zako zilitoka kwa presha," alisema Bi Rahila. "Mara ngapi nimekwambia?"

"Mie nakuamini, Bi Rahila. Lakini mie sina panga."

Alipoondoka, Bi Rahila alikaa na mlango umefungwa ingawa foleni ilikuwa nje. Alikuwa hajawahi kujiuliza kama yeye mwenyewe aliiamini ile Halbadiri. Aliisoma kwa kuwa ilikuwa kitu pekee kilichobaki mkononi mwake. Mmanga alipokonda, alimwona akipita barabarani na moyo wake ukapoa kidogo, na hakuona haya. Sasa aliona kwamba kitu kile kile kilichompoza ndicho kilichokuwa kimesimama kati ya mwanawe na jamvi la Ijumaa. Yeye aliyewaambia wazee wawaite wenye mapanga, panga lake mwenyewe alikuwa hajaliweka chini.

Alifungua mlango, akamaliza foleni, kisha akaenda kwa Shehe Bakar bila hata kubadilisha sare.

Shehe alimsikiliza akichezea tasbihi. Akasema Halbadiri hurudishwa na aliyeitia nia, kwa ridhaa ya aliyedhulumiwa, na waliotenda wawepo, wakiri kwa vinywa vyao, kwani msamaha haurushwi hewani kama punje za kuku. Lakini alikuwa na wasiwasi wake. Wenzao wa Pwani wakijua, watasema hata wasomaji wake hawaiamini. Bi Rahila akamwambia kwamba watu wa Pwani nao wanayo ya kuficha katika jambo hili, tena makubwa kuliko yake, na asiulize zaidi. Shehe akacheka bila kutaka.

"Ifanyike wapi?"

"Ilisomwa kwangu, itarudishwa kwangu."

Asya alipeleka habari kwa mumewe na kurudi na jibu, na kazi iliyobaki ikawa ya Hafidh. Bi Rahila alimngoja jikoni, akamwambia kwamba Mmanga amekubali kuja, na kwamba yeye Hafidh ndiye atakayemfuata kwao na kumpitisha njia ya Juu mpaka barazani. Hafidh akadhani mama yake amerukwa na akili. Akauliza kwa nini Mmanga asije na wenzake. Kwa sababu wenzake wakionekana njia ya Juu, alijibu mama, kitakachofuata unakijua mwenyewe. Na kwa nini asiache panga kwao?

"Aje nalo. Na wewe njoo na lako. Mkiyaacha majumbani nitajuaje kama mmeyaweka?"

Hafidh alifika mlangoni, akageuka. Kisha akauliza kitu ambacho mama yake hakukitia maanani wakati ule: kama Halbadiri ikirudishwa, inarudi kwa wote, au kwa Mmanga tu.

Walikuja baada ya alasiri. Jamvi lilikuwa limetandikwa barazani, lile lile la kuanikia karafuu, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na jingine kubwa. Othman aliketi katikati, Sheha Mjaka na Shehe Bakar kulia kwake. Ustadh Ashraf alituma salamu kwamba hawezi kuhudhuria jambo asilolikubali, lakini hakumkataza Mmanga. Baadaye walimwona ameketi kwenye gogo upande wa pili wa njia, amegeuza mgongo, kama mtu aliyechoka tu akapumzika.

Hafidh alitangulia, Mmanga nyuma yake, na kati yao nafasi ya panga kunyanyuka. Kwa karibu Mmanga alikuwa mdogo kuliko Bi Rahila alivyomkumbuka. Mtu ukimchukia huongezeka kimo. Aliacha viatu, akasimama ukingoni mwa jamvi asilikanyage.

"Shikamoo, ami Othman."

"Marahaba. Keti. Hilo jamvi halina meno."

Akaketi. Mapanga mawili yakawekwa kati, na Sheha Mjaka akayasogeza kwa kidole kama mtu anayegusa chungu cha moto. Bi Rahila hakuwa na subira ya utangulizi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Mmanga. Alitazama mkono wa Othman ulioishia kifundoni, akatazama pembeni. "Lakini sikukusudia yeye, Bi Rahila. Siku ile asubuhi tuliikuta mikarafuu ya baba yangu imebambuliwa magome, shamba zima. Ile alipandiwa na babu yake. Mzee alikaa chini ya mti mmoja akaanza kurudishia magome kwa kamba, anafunga, kama mtu aliyevunjika mguu. Mie sikuweza kumtazama. Usiku tukamvizia mtu wa Kikosi kwenye njia ya kisimani. Akaja mtu. Kulikuwa na giza. Nilipomsikia akipiga kelele ndipo nikajua ni ami Othman."

"Ulimvizia nani?"

Mmanga aliinua macho. Alimtazama Hafidh. Na Hafidh, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alikuwa amejiinamia.

"Mimi," alisema Hafidh. "Alikuwa akinivizia mimi. Mikarafuu tuliibambua sisi, na niliyewapeleka ni mimi."

 Huko jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kikichezacheza kwa mvuke. Bi Rahila aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka msimu wa juzi, pale pale barazani, katikati ya ubani: kila mwenye sehemu katika mkono huu, popote alipo. Alielewa kwa nini kijana wake alikula amesimama, kwa nini hakulala chini ya paa lile, kwa nini alipita barazani akikwepa mahali walipoketi wasomaji. Alimsomea mwanawe. Alifungua mlango mpana kwa mikono yake miwili, na mtoto akawa ndani.

Aliinuka akaenda jikoni. Aliepua sufuria iliyokuwa haihitaji kuepuliwa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa kavu.

"Wewe ulijua," alimwambia Othman. Hakuwa akiuliza.

"Usiku ule wa magome nguo zake zilinuka mkarafuu," alisema Othman. "Gome linanuka mbali na ua. Nimekumbatia miti ile umri wangu wote, Rahila."

"Ukaniacha nikasoma."

"Nilikwambia usisome. Sikukwambia kwa nini. Ungemfukuza."

Hilo hakuweza kulikanusha. Angemfukuza, tena mchana, mbele ya watu.

Sheha Mjaka akakohoa, akasema kwamba kwa kweli jambo hili kamati haikulijua. Bi Rahila akamtazama. Kamati ingelijuaje? Ilikuwa na wazee, na kahawa, na ajenda. Mambo yote yalikuwa na watu wawili waliokuwa wakiitwa wahuni, na wote wawili walikuwa wakiogopa dua ile ile na kutokula vizuri, huyu Juu na yule Pwani.

"Shehe," alisema, "mie nairudisha. Yote. Kwa huyu na kwa huyu, na kwa mwingine yeyote mwenye sehemu nisiyemjua, maana sitaki tena kushtuliwa. Mwenye mkono ndiye huyo, muulize."

Shehe Bakar akamgeukia Othman. Othman aliwatazama vijana wale mmoja baada ya mwingine, muda mrefu, mpaka Mmanga akaanza kutokwa na jasho.

"Isomwe," alisema. "Mkono bado unaniuma siku za mvua, hilo msiniombe nilisahau. Lakini mie sikutaka mtu aumwe kwa ajili yangu. Isomwe."

Chetezo kikaletwa, Shehe akasoma. Halikuwa jambo refu. Mmanga alinyanyua mikono yake kwa dua ambayo msikitini kwake wangemuuliza habari zake, na aliposema amina, ng'ambo ya njia mgongo wa Ustadh Ashraf ulitikisika kidogo, ukatulia. Alikuwa ametia amina au amekohoa, hakuna aliyemuuliza.

Kisha Mmanga akasema lililokuwa likimkaa kooni tangu alipoketi. Na mikarafuu ya baba yake je? Hafidh akasema atapanda miche, atamwagilia yeye mwenyewe.

"Mkarafuu mpaka uzae utakuwa na mvi," alisema Mmanga.

"Basi nitakuwa na mvi nikimwagilia."

"Chimbeni mashimo kwanza," alisema Othman, "mvi zitakuja zenyewe. Na muwe wawili. Mmoja peke yake atachoka, atakumbuka alivyoonewa."

Wakala. Bi Rahila alileta sinia moja, si mbili, akaliweka kati ya vijana, akasimama pale mpaka alipoona mikono yote imeingia. Mmanga alilitafuna tonge la kwanza kama mtu anayeonja dawa. La pili alilila kama mtu mwenye njaa, na njaa alikuwa nayo.

Kabla ya kuondoka Sheha Mjaka alimuuliza Bi Rahila kwa sauti ndogo kuhusu Ijumaa. Wazee wengine watasema nini wakiwakuta hawa wamekaa mbele? Bi Rahila akamwambia awahi na jamvi kubwa, na wazee wenye kuona nafasi ndogo wasogee. Misikiti ingebaki miwili, hilo alilijua. Talakini ingebaki na watu wake na wapinzani wake. Hakuona ubaya. Watu wanaweza kubishana juu ya maiti bila kumwongezea wenzake. Akamkumbusha na Mmanga, mbele ya wote, kwamba Halbadiri imeondoka lakini presha ya mkewe haijaondoka, na Jumatatu amlete mwenyewe kliniki.

Asubuhi, alipotoka kutia maji ya udhu, aliona mlango wa chumba cha nyuma umefungwa. Akausukuma kidogo. Hafidh alikuwa amelala chali, mdomo wazi, miguu imepita ncha ya kitanda kilichokuwa kidogo kwake tangu yu mtoto wa skuli. Alilala usingizi mzito wa mtu aliyeukosa muda mrefu. Bi Rahila alisimama mlangoni akimtazama akivuta pumzi, kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mchanga na surua.

Mama mwingine angemwacha alale. Bi Rahila alimvuta kidole gumba cha mguu.

"Amka usali," alisema. "Kisha uchukue jembe. Mwenzio keshapita hapa mara mbili, anauliza mashimo mwaanzia upande gani."